Maswali ya wasomaji: Staa kaja kwa mbwembwe, mbona kageuka garasa?

SWALI: Mhariri habari za kazi. Mi naomba nieleweshwe, klabu ina skauti, ina watu wa takwimu, ina madaktari, inamwaga pesa ndefu kwa mchezaji mmoja, msimu unaisha jamaa ana magoli ya kuhesabu kwa mkono mmoja. Hivi huwa wanaangalia nini? (Shabiki aliyechoka)

JIBU: Nzuri ndugu yangu, na pole. Ukimwona mchezaji anawaka ujue unamwona yeye pamoja na waliomzunguka, sasa klabu ikinunua inamchukua mmoja, wale kumi wanabaki kulekule. Cheki straika Fernando Torres. Pale Liverpool alikuwa anaishi kwa mipira ya kukimbilia nyuma ya mabeki, kiungo Gerrard akiinua kichwa tu Torres kashaondoka. Januari 2011 Chelsea wakamchukua kwa pauni milioni 50, wakamweka kwenye timu inayombana mpinzani mpaka kwenye boksi lake, nafasi ya kukimbilia hamna, na mbele pale yupo straika mwingine mkubwa, Drogba. Na goti lilishapasuliwa 2010, ile kasi yake ya kwanza ilishaanza kupungua. Mpaka msimu unaisha goli moja la ligi. Moja!

Ila Coutinho ndo mfano wangu mkubwa maana una kila kitu ndani. Agosti 2017 PSG ya Ufaransa wanambeba Neymar wa Barcelona kwa euro milioni 222, Barcelona wanabaki na mkwanja na pengo, na dunia nzima inajua, sa we unaenda kununua wakati muuzaji anajua unazo na anajua huna pa kwenda, bei utaipanga wewe? Barcelona wakamtaka Coutinho, Liverpool waliokuwa naye wakakaza, Januari 2018 likatoka dili lililofika kama pauni milioni 142 ukijumlisha na nyongeza. Kufika kule, lile eneo analopenda kushikia mpira, ndani kidogo mbele ya boksi, ndo ofisi ya Messi, basi dogo akawa anasogezwa pembeni kushoto, anapokea, anarudisha nyuma, anapokea, anarudisha nyuma. 2019 wakampeleka Bayern kwa mkopo. Agosti 2020 Bayern wakawapiga Barcelona 8-2 na Coutinho akatokea benchi akaweka mawili, tena mchezaji wao wenyewe!

Ndo maana mi nikitajiwa bei kubwa sishtuki. Bei inakwambia mnunuzi alikuwa na shida kiasi gani, dirisha la usajili linafungwa lini, mkataba umebaki miaka mingapi, ubora wa mtu nao umo ila ni kipande tu. Winga Mahrez alienda Leicester Januari 2014 kwa chini ya pauni nusu milioni, na inasimuliwa kuwa skauti alikuwa ameenda kumwangalia mchezaji mwingine wa Le Havre, klabu yake ya Ufaransa, 2016 huyo ni bingwa wa England.

Halafu kuna mabalaa ambayo hakuna kipimo cha afya kinachoyaona. Hazard katoka Chelsea kaenda Real Madrid 2019 kwa dau la kama euro milioni 100, Novemba hiyohiyo kaumizwa kifundo cha mguu kwenye mechi na PSG, na aliyemgonga ni Meunier, Mbelgiji mwenzie kabisa. Yule wa Chelsea hatukumwona tena. Misimu minne, mechi 76, magoli 7.

SWALI: Na yale madili yanayokufa dakika ya mwisho wakati mchezaji keshakubali kila kitu?

JIBU: Kukubali kwa mchezaji ni hatua moja tu bana. Bado klabu mbili, wakala, mshahara, vipimo, karatasi, na mara nyingi dili moja limefungwa kwenye lingine. Agosti 31, 2015 kipa De Gea wa Manchester United alikuwa anaenda Real Madrid na kipa wao Keylor Navas anakuja United, wakavutana mpaka usiku, nyaraka zikachelewa na dirisha la Hispania likafungwa, kila klabu ikamtupia mwenzie lawama. Kichekesho ni kwamba Navas aliyekuwa anaondolewa ndo akadaka kwenye mataji matatu mfululizo ya Ligi ya Mabingwa, 2016 mpaka 2018.

SWALI: Nimvumilie usajili mpya muda gani kabla sijamwita garasa?

JIBU: Mi nampa msimu mzima, na kama ni kinda namwongezea. Dembélé alinunuliwa na Barcelona 2017 akiwa na miaka 20, euro milioni 105 kabla ya nyongeza, zilezile pesa za Neymar, akawa mtu wa hospitali, watu wakamchoka, 2023 kaenda zake PSG na 2025 kabeba Ballon d'Or, tuzo ya mchezaji bora wa dunia. Barcelona watakwambia miaka sita ni mingi sana kusubiri na hapo siwezi kubishana nao.