Mkuu, usinunue hata nguzo moja kabla mkataba wa ruzuku haujasainiwa

Mkuu, hizo nguzo umeshalipia? Kama bado, mpigie muuzaji sasa hivi mwambie asubiri, halafu ndiyo urudi kusoma.

Nimeona ulichoandika. Una ekari mbili Mpunguzi, hapa Dodoma, unataka kupanda zabibu, unauliza ruzuku zinapatikana wapi, nani akuandikie andiko la kuombea, uombe kupitia AMCOS (ushirika wa wakulima) au peke yako, na mbegu ipi inalipa. Sawa. Lakini katikati umechomeka sentensi moja kama vile si kitu: eti "mtaalamu" wako amekushauri ununue mapema nguzo na waya za kutambazia mizabibu, ili wakaguzi wa mfuko unaotoa ruzuku wakija wakute kazi imeanza. Hapo nikaacha kula.

Huyo mtaalamu namjua. Labda si yeye, lakini ukoo wao ni mmoja. Semina haziwapiti, begi la kompyuta haliwatoki begani, na kwenye simu lazima wakuonyeshe picha wamesimama nyuma ya mheshimiwa fulani. Wa kwangu alikuwa na kauli tamu: "Mfadhili hapendi mtu wa mikono mitupu. Akute shamba limesimama, yeye ataongezea." Inaingia akilini, si ndiyo? Hata harusi, watu huchanga kwa moyo wakisikia familia imeshaweka chake. Basi mimi nikaamini mfuko wa ruzuku nao ni kamati ya harusi.

Akanimaliza na hoja ya mvua. Dodoma msimu wa mvua ni mmoja, ukikupita unakaa unatazama vumbi mpaka Desemba nyingine. "Mvua haisubiri karatasi," akasema. Nikauza ng'ombe, nikakopa vicoba, kile kikundi chetu cha kuweka na kukopa, nikanunua nguzo, waya, miche, mipira ya umwagiliaji wa matone na pampu. Nikalipa vibarua wa kuchimba mashimo. Shamba likasimama kweli. Majirani wakaja kupiga picha.

Sasa sikiliza sehemu inayouma: andiko lilipita. Ningekataliwa ningejifariji kwamba nchi hii bila kujuana hupati kitu, nikalala usingizi. Lakini barua ikaja, nimechaguliwa. Wakaguzi wakaja, wakazunguka, wakasifia mistari ilivyonyooka, wakaandika kwenye madaftari yao. Nikawachinjia kuku. Laiti ningejua walichokuwa wanaandika, wangekunywa chai ya rangi wakaondoka.

Mkataba ulipoletwa kusainiwa, kulikuwa na ukurasa wa gharama zinazokubalika. Umeandikwa kwa lugha kavu kabisa: gharama yoyote iliyofanyika kabla ya tarehe ya kusaini haitarudishwa, na haitahesabiwa kama mchango wa mwombaji. Soma tena hicho kipande cha mwisho. Ruzuku yangu ilikuwa ya kuchangia, mfuko unaweka sehemu yake na mkulima anaweka ya kwake. Kwa hiyo vitu nilivyonunua havikulipwa, na pia havikuonekana kama mchango wangu. Mbele ya mfuko nilikuwa sijatoa hata senti. Ili nipate ile hela ilibidi nilete mchango mpya, wakati ng'ombe wameshaenda na vicoba wananipigia simu asubuhi na jioni.

Nikaomba tubadilishe bajeti, wanipe kitu kingine badala ya nguzo. Wakaniambia vizuri tu, bila hasira, kwamba kubadilisha shughuli ni andiko jipya, nisubiri dirisha lijalo la maombi. Nikampigia mtaalamu. Unajua alisema nini? Eti nimuombe muuza nguzo anitolee risiti nyingine yenye tarehe ya mbele! Risiti ya EFD, ile mashine ya kodi, inatoka na tarehe na saa, na mauzo yanasomeka TRA, kwa watu wa mapato. Alitaka nitoke kwenye hasara niingie kwenye jinai. Na kabla hajakata simu akaulizia asilimia yake, kwa sababu "andiko si lilipita?"

Andiko lenyewe, kwa taarifa yako, lilikuwa na ukurasa unaozungumzia wakulima wa korosho. Nilizifuta korosho kwa mkono wangu usiku wa kuamkia kuwasilisha. Ile ilikuwa dalili tosha, lakini hela ilishatoka na nilikuwa bize kuhesabu nguzo.

Baadaye nilikaa na mtu aliyewahi kufanya kazi kwenye miradi ya namna hii, akanieleza kwa nini iko hivyo. Mfuko una wakaguzi wa hesabu juu yake. Kila kitu lazima kionekane kimenunuliwa kwa utaratibu wao: kotesheni tatu (bei za maandishi za wauzaji watatu), risiti kwa jina la mwombaji, tarehe ndani ya muda wa mkataba. Kitu kilichonunuliwa kabla, tarehe yake tu imeshakitoa nje. Tena wanajiuliza swali dogo: kama ameweza kujenga bila sisi, hela yetu ni ya nini? Yule mtaalamu aliniambia shamba lililosimama ni sifa. Kumbe nilikuwa nawathibitishia kwamba siwahitaji.

Utasema, je, mvua ikija kabla ya mkataba? Waandikie mfuko kuomba ruhusa ya kuanza, wakujibu kwa maandishi. Ipo mifuko inayokubali. Usikubali jibu la simu, hata kama aliyepokea ana sauti ya bosi. Wakikataa, fanya yale ambayo hukuyaweka kwenye bajeti: peleka udongo ukapimwe, kusanya samadi, zungushia shamba uzio wa miiba. Pingili unaweza kuziotesha kwenye viriba nyumbani, ukasogeza muda bila kugusa shamba, mradi miche isiwe kwenye orodha ya mnachochangia. Hili lipange kabla andiko halijaandikwa: yale ambayo utayafanya kwa vyovyote, yatoe kabisa. Bakiza unayoweza kuyasubiri.

Na hata ukishasaini usifikirie wanamwaga hela yote. Huja kwa awamu, na wengine wanataka ununue kwanza ndipo wakurudishie. Ukiwa umemaliza akiba kwenye nguzo za mapema, utasaini mkataba halafu ushindwe kufika awamu ya kwanza. Nimeona mtu yamemkuta hayo, na yeye wala hakuwa na mtaalamu, alikuwa na haraka tu.

Uliuliza ruzuku ziko wapi. Kwanza tenganisha ruzuku na mkopo, maana hawa jamaa wanavichanganya makusudi. Ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, ni mkopo usio na riba, unarudishwa. TADB ni benki ya maendeleo ya kilimo, inakopesha. Mfuko wa Pembejeo nao unakopesha. PASS ni taasisi ya udhamini, inakudhamini benki na kusaidia mpango wa biashara. Yote yana faida yake, ila hakuna hapo cha bure. Ruzuku zenyewe hufunguliwa kwa tangazo na kufungwa kwa tarehe, kwa hiyo zoea ofisi ya kilimo ya halmashauri na afisa ugani wako. Kupima udongo na ushauri wa zabibu, kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Makutupora kipo hapo hapo Dodoma, huna haja ya kumlipa mtu mwenye begi. Tangazo likitoka usianze na fomu, anza na ukurasa wa gharama zinazokubalika. Kama haupo, waulize kwa barua pepe: matumizi yanaanza kuhesabiwa tarehe gani? Jibu lihifadhi.

Turudi kwenye nguzo. Kama mtaalamu wako amekuambia lazima ununue ili "uonyeshe nia", mwambie akuonyeshe mstari huo kwenye mwongozo wa mfuko. Asisimulie, aweke kidole. Na mwulize anajuana vipi na muuza nguzo. Mimi wa kwangu nilikuja kujua wanajuana vizuri sana.

Kabla hamjaniuliza: shamba lipo, navuna mara mbili kwa mwaka kama wengine. Mchwa wanakula nguzo, mimi nakula zabibu, vicoba wanakula kinachobaki. Tamu kweli, ila kila punje ina ladha ya riba.

Kama umelipia nusu, chukua mzigo wa hela uliyotoa, mwingine usiongeze, na hizo nguzo zisikae kwenye andiko. Kisha piga picha ukurasa wa gharama wa huo mfuko, ficha jina lako, uweke hapa tuusome wote kabla hujampa yule bwana hela nyingine.