Hakumgusa majeruhi, lakini alikuwa kwenye mbio

SWALI: Bwana avoka, mtoto wa dada yangu aliomba motokari yangu aende nayo kanisani. Kumbe jioni alishindana na rafiki yake kwenye barabara ya Kasapa. Rafiki akamgonga kijana wa baiskeli aliyebeba makala (mkaa), akamvunja mguu. Mpwa wangu hakumgusa. Familia ya majeruhi inatudai sote, hata mimi mwenye motokari. Ni haki? – Papa wa Katuba, Lubumbashi

JIBU: Pole, Papa, na pole zaidi kwa huyo kijana, maana mguu ndio kazi yake.

Mpwa wako haponi kwa sababu tu bampa yake haina mkwaruzo. Kifungu cha 258 cha Kitabu cha Tatu cha sheria ya madai, kile cha 1888, kinamtaka aliyemtia mwenzake hasara kwa kosa lake aifidie. Cha 259 kinaongeza uzembe. Hakimu atatafuta ajali ilizaliwa na nini, na hapa ilizaliwa na mbio. Mbio hazina mtu mmoja. Anaweza kumwamuru kila mmoja wao alipe fidia nzima, halafu wadaiane wenyewe.

Vijana hujitetea: "Alijitokeza ghafla." Tupige hesabu. Kwa kilomita 50 kwa saa, kwenye lami kavu na breki nzima, motokari husimama ndani ya mita 28 hivi, ukihesabu sekunde moja ya kushtuka. Kwa kilomita 100, mita hizo 28 zinaisha kabla mguu haujagusa breki, na bado inahitaji nyingine 56. Sasa mbele yuko mtu anayesukuma magunia ya makala, jioni, bila taa. Hakujitokeza ghafla, wao ndio walifika ghafla.

Kwa upande wa jinai, majeraha ya uzembe yako kwenye kifungu cha 54 cha sheria ya adhabu. Majeruhi akifariki, Mungu apishe mbali, tunaingia cha 53: kifungo cha miezi mitatu hadi miaka miwili. Kuelewana na familia ni vema, lakini hakuizuii parke, yaani ofisi ya mwendesha mashtaka, kufuatilia.

Na wewe? Kifungu cha 260 kinamgusa aliye na chombo mikononi mwake, anayekitumia na kukiongoza. Ukimwazima mtu mzima mwenye leseni, kwa kawaida mamlaka hayo huhamia kwake. Lakini ikiwa kijana hana leseni, au ulishajua tabia yake ya mbio, kumpa ufunguo ni uzembe wako mwenyewe. Kama ni dereva wako wa kazi, anayekuletea versement (hesabu ya pesa alizoingiza), jambo linabadilika kabisa: bosi huwajibika kwa makosa ya mtumishi akiwa kazini.

Usitie sahihi karatasi yoyote ya kukiri deni kabla hujamwarifu mwenye asuransi kwa maandishi. Soma mkataba wako pale palipoandikwa mambo yasiyofunikwa; mingi huondoa mashindano ya mwendo. Omba nakala ya PV (taarifa rasmi ya ajali) ya polisi ya barabarani pamoja na mchoro wa ajali, uone alama za tairi zimeandikwa za magari mangapi. Ukisaidia gharama za hospitali, lipa hospitali yenyewe, uchukue risiti, na iandikwe kwamba ni msaada.