Ukiweka pevingi, anza na chemba

Msomaji wa Njiro, Arusha, ametuma picha: pevingi mpya, imepangwa vizuri, lakini katikati mfuniko wa chemba (shimo la kukagulia bomba la maji taka) umezama kama bakuli na maji yamejaa. Anauliza kama fundi amwage zege juu "iwe sawa". Asithubutu. Siku bomba likiziba mtabomoa nusu ya uwanja mkitafuta mfuniko.

Vipimo vinaanzia sehemu mbili: mlangoni na kwenye chemba. Pevingi ikae angalau sentimita 15 chini ya sakafu ya ndani, iteremke kutoka nyumbani sentimita 1 kwa kila sentimita 80. Uwanja wa mita 4 unashuka sentimita 5. Chemba iliyo mita 2.4 kutoka ukutani inatakiwa iwe sentimita 3 chini ya usawa wa ukutani. Pima usawa kwa mpira wa maji, ule mwangavu unaojazwa maji, na utoe mapovu yote kwanza, maana povu moja linatosha kukudanganya. Kisha vuta kamba ipite juu ya chemba.

Hapa ndipo mafundi wanapoharibu: wanaweka pima maji juu ya fremu ya mfuniko na kuilaza sawasawa. Fremu ya sentimita 60 ikilazwa hivyo kwenye mteremko huo, upande wa chini unachomoza karibu milimita 8. Ni hapo vidole vya miguu vinapojikwaa. Fremu iiname pamoja na pevingi, ifuate kamba.

Kabla ya kuing'oa fremu ili uipandishe au uishushe, shusha gunia ndani ya chemba kuzuia vifusi, na ulifunge kamba inayoning'inia nje. Gunia lililosahaulika ni kuziba kwingine. Usiingie ndani wala kuwasha sigara karibu, kuna gesi. Kama chemba ni ya mtandao wa AUWSA, mamlaka ya maji ya Arusha, au MUWSA kwa walioko Moshi, waulize kwanza.

Kuinua chini ya sentimita 3, saruji moja kwa mchanga tatu inatosha. Zaidi ya hapo mchanganyiko huo hupasuka. Mimina zege la kokoto ndogo au ongeza mstari wa tofali kwenye ukuta wa chemba. Kama fremu iko juu mno, toa mstari mmoja wa tofali. Zege la pembeni ya fremu likomee sentimita 9 chini ya uso, yaani 6 za tofali la pevingi na 3 za mchanga, la sivyo matofali ya jirani hayatakaa.

Kuhusu lile bakuli: udongo uliofukiwa kuzunguka chemba haukushindiliwa. Chimba sentimita 30 kila upande, rudisha moramu tabaka la sentimita 10 kwa 10, ukishindilia kwa mkono. Kompakta, ile mashine ya kushindilia, usiipitishe hapo, inaweza kupasua kuta za chemba. Matofali yanayogusa fremu yalaze kwenye saruji, mengine kwenye mchanga, yakiwa milimita 3 juu ya fremu kwa sababu yatashuka kidogo. Kipande kisichofika theluthi ya tofali usikitumie. Badili mpangilio, zungusha mstari wa matofali mazima.

Kwa huyu wa Njiro, ang'oe mistari mitatu tu kuzunguka mfuniko, na aifanye kabla ya vuli. Fremu akiipandisha, aiache siku tatu chini ya gunia bichi ndipo arudishe matofali, kisha apake grisi kwenye ukingo ambamo mfuniko unakaa.