Mbunge wako haongei? Fungua Hansard kwanza ndo uje tuongee

TBC walipopunguza kurusha Bunge mubashara, Januari 2016, ndo nilianza kusoma Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za yanayosemwa bungeni, na wala sikuanza kwa kupenda. Kijijini kwetu tulikuwa na boma la zahanati, kuta tumejenga wenyewe kwa michango na nguvu zetu, akina mama wamebeba maji na mchanga kichwani, likafika usawa wa linta likasimama. Mvua zikapita juu yake miaka. Mdogo wangu akajifungulia njiani juu ya bodaboda, usiku, tukiwa tunamkimbiza kituo cha afya ambacho kiko kilomita kumi na nne. Mtoto mzima, mama mzima, namshukuru Mungu, ila siku ile nilikasirika kiasi kwamba mbunge alipokuja kwenye mkutano wa hadhara nilisimama mbele ya watu nikamwambia wewe ni bubu, hatujawahi kukusikia Dodoma ukitaja hata jina la kata yetu.

Hakunijibu vibaya. Alisema tu, mama, soma Hansard.

Nikaenda stationary mjini, nikamwomba kijana anifungulie tovuti ya Bunge, maana Hansard zipo pale kwa kila siku ya kikao, ni PDF ndefu kweli, unatafuta kwa jina la mbunge au la jimbo. Nikakuta ameuliza swali la nyongeza, lile fupi linalofuata baada ya Serikali kujibu swali la msingi, kuhusu maboma ya zahanati, kata yetu imetajwa. Nikakuta pia amechangia kwa maandishi mara mbili kwenye bajeti ya TAMISEMI. Hapo ndo nilijua kitu ambacho watu wengi hawakijui kabisa, kwamba dakika za kuchangia zinagombaniwa, siku wachangiaji wakiwa wengi zinapunguzwa, wengine wanakosa kabisa nafasi, sasa aliyekosa anapeleka mchango wake kwa maandishi na unaingia kwenye Hansard kama kawaida ila hauonekani kwenye TV. Nilimtafuta nikamwomba radhi, na nilimaanisha.

Kwahiyo ushauri wangu wa kwanza, achaneni na zile hesabu za mbunge fulani kasimama mara ngapi. Mtu anaweza kusimama mara arobaini, dakika mbili za kushukuru, mbili za kupongeza, kengele inagonga, "naunga mkono hoja", kakaa. Angalia aliomba nini, na muhimu zaidi alijibiwa nini.

Na jibu lina lugha yake jamani. Naibu Waziri akisema "Serikali itatenga fedha kadri ya upatikanaji wa fedha", hapo hujapewa kitu, ni maneno ya kila siku. Akisema "mchakato unaendelea", hivyo hivyo. Lakini akisema "katika mwaka wa fedha fulani zimetengwa shilingi kadhaa kwa ajili ya kukamilisha boma la kijiji fulani", hiyo ni ahadi iliyoandikwa kwenye kumbukumbu rasmi za nchi, printi huo ukurasa na uutunze kama hati ya kiwanja. Sisi jibu letu lilikuwa la aina hiyo ya mwisho, lenye mwaka na fedha. Tukaenda nalo halmashauri, tukaomba kuangalia kitabu cha bajeti, boma letu halimo! Afisa aliyetupokea alisema hana taarifa, basi tukamwachia nakala ya ukurasa. Diwani akalibeba kwenye baraza la madiwani, na mbunge naye ni mjumbe wa baraza hilo, watu wengi wanasahau, wanadhani kazi yake yote iko Dodoma. Ilichukua bajeti mbili zaidi kupata bati.

Sasa kuhusu hawa wabunge wa kawaida, mabekibencha, wasio mawaziri. Nasikia vijana wanasema hawana nguvu yoyote, kila kitu kimeshaamuliwa na Serikali. Mimi sikubaliani. Ni kweli nguvu yao ina mpaka, Katiba ibara ya 63 inawapa kazi ya kuisimamia na kuishauri Serikali, halafu ibara ya 90 inasema Bunge likikataa kupitisha bajeti Rais anaweza kulivunja, kwahiyo usitegemee mbunge wako wa chama tawala aiangushe bajeti. Ila kuna mahali anaweza kubana. Kwenye Kamati ya Matumizi, yaani Bunge zima linapokaa kupitisha bajeti ya wizara fungu kwa fungu, anaweza kutishia kutoa shilingi kwenye mshahara wa Waziri mpaka apewe maelezo ya kueleweka, na nimesoma mara nyingi Waziri akilegea hapo, anatoa tarehe ambayo asubuhi hakuitoa.

Mwaka 2014 David Kafulila wa Kigoma Kusini hakuwa waziri wala nini, alikuwa mbunge wa NCCR-Mageuzi, chama chenye viti vya kuhesabika, akang'ang'ania suala la akaunti ya Tegeta Escrow, ile kashfa ya mabilioni yaliyochotwa kwenye akaunti iliyokuwa Benki Kuu, mpaka likaenda kwa CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za Serikali, na kwenye PAC, kamati ya Bunge ya hesabu za Serikali. Taarifa ya kamati ikaletwa bungeni Novemba na mwenyekiti Zitto Kabwe pamoja na makamu wake Deo Filikunjombe wa CCM, yaani mpinzani na mtu wa chama tawala pamoja, na ndani ya miezi miwili Mwanasheria Mkuu na mawaziri wawili walikuwa wameshatoka ofisini.

Halafu angalia suala la taulo za kike. Upendo Peneza, mbunge wa viti maalum, alilisemea sana bungeni, na bajeti ya 2018/19 ikaondoa VAT. Nilifurahi sana, nina mabinti. Mwaka uliofuata tu VAT ikarudishwa, Serikali ikasema bei kwa mlaji haikushuka. Hii iliniuma kuliko kesi zote nilizosoma. Sisi wanunuzi tungekuwa tunaandika bei za dukani kila mwezi, wilaya kwa wilaya, wabunge wangekuwa na karatasi mkononi ya kuwabana nayo wafanyabiashara mapema, badala ya kusubiri msamaha ufutwe.

Hapo ndo nakuja kwenye kamati, maana huko ndo kazi yenyewe inafanyika na huko ndo hatuangalii. Kabla Waziri hajasoma bajeti yake ukumbini, anakuwa ameshapita kwenye kamati ya kisekta, mara nyingi mwezi wa tatu, na wabunge wanakuwa wametembelea miradi. Hotuba nzuri ya mwezi wa tano inakuwa imechelewa, namba zimeshapangwa. Jua mbunge wako yuko kamati gani. Maneno yake ya ndani ya kamati huwezi kuyapata kwa jina kwenye Hansard, ila soma taarifa ya kamati inayosomwa baada ya hotuba ya Waziri, mwanzoni kuna sehemu inaeleza ushauri wa kamati wa mwaka jana umetekelezwa kiasi gani. Mimi huwa naanzia hapo, nayaacha yale mapongezi. Na muswada ukija, kamati inaita wadau watoe maoni, tangazo linatoka muda mfupi sana kabla, hili linanikera kweli, lakini unaweza kutuma kwa maandishi bila kusafiri.

Ukitaka mbunge asemee jambo lako usimtumie voice note ya dakika nane WhatsApp, wala usimsubiri kwenye msiba umvute pembeni. Andika karatasi moja, ukurasa mmoja tu: kaya ngapi, umbali kilomita ngapi, wananchi wamechangia shilingi ngapi, ujenzi umefika wapi, picha moja, na swali lenyewe liandike uzuri kwa sentensi mbili, maana swali la nyongeza halina nafasi ya hadithi. Mpelekee Januari au Februari. Kisha mwezi wa nne Bunge la bajeti likianza, fuatilia kuanzia saa tatu asubuhi kipindi cha maswali, likiulizwa andika tarehe, siku hiyo hiyo, kumbukumbu ya kichwa inapotea.

Zahanati yetu sasa ina bati na milango, na nesi mmoja anayekuja mchana akirudi mjini jioni kwa sababu nyumba ya mtumishi haipo. Karatasi ya nyumba ya nesi nimeshaiandika, imebaki kupata idadi sahihi ya akina mama waliojifungua usiku mwaka jana, naenda kuichukua kwa mwenyekiti wa kitongoji Jumamosi.