Kahawa kali si kahawa iliyoungua

Kilo yangu ya kwanza ya buni, yaani punje mbichi za kahawa, niliiharibu yote. Nilikuwa nimezoea kahawa ya kijiweni, ile nyeusi tii inayomiminwa kutoka kwenye birika lenye makaa chini yake, nikaamini kwamba ukali wake unatoka kwenye weusi. Basi nikawasha jiko, nikamwaga buni kwenye sufuria ya alumini na kukaanga mpaka zikang'aa mafuta. Moshi ulijaa sebuleni, jirani akaja mlangoni na ndoo ya maji, mke wangu akatoka na watoto kwenda kukaa nje. Nilipoinywa, ilikuwa na ladha ya mkaa. Uchungu ulikuwepo, tena wa kutosha; ukali ndio haukuwepo.

Imenichukua kama miaka minne kutenganisha mambo hayo mawili. Uchungu unatoka zaidi kwenye moto. Ukali, ule wa kujaza mdomo na kukaa kwenye ulimi hata baada ya kikombe kuisha, unatoka kwenye aina ya buni, jinsi ulivyozichanganya, na kiasi cha kahawa unachoweka kwenye maji.

Nianze na buni. Kwetu ni Muleba, mkoani Kagera, na huko kahawa ni robusta tangu enzi za mababu. Wahaya waliitafuna kabla hawajafikiria kuinywa: matunda yanachumwa, yanachemshwa na majani yenye harufu, yanakaushwa, kisha mgeni anapewa punje chache atafune. Bibi yangu mpaka leo ananitumia kahawa ya maganda kwenye basi, nami naikoboa mwenyewe kwa kuitwanga taratibu kwenye kinu na kuipepeta. Arabika, aina ile nyingine ya kahawa, naletewa na shemeji yangu wa Moshi. Robusta ina punje ndogo za mviringo, arabika ina punje ndefu zaidi zilizolala. Tofauti kubwa iko ndani: robusta ina kafeini karibu mara mbili ya arabika, na ni nzito mdomoni. Arabika ndiyo yenye harufu na ule uchachu mtamu unaokumbusha matunda. Ukitaka kahawa ya kukuondolea usingizi, usiitafute nguvu hiyo kwenye moto. Kukaanga sana hakuongezi kafeini.

Kabla ya kukaanga, mwaga buni kwenye sinia jeupe uchambue kama unavyochambua mchele. Toa nyeusi, zilizotobolewa na wadudu, zilizovunjika. Punje moja iliyooza inatosha kuharibu kikombe kizima.

Sasa moto. Achana na sufuria nyepesi. Tafuta kikaango kizito cha chuma, kile cha kushika joto sawasawa. Mimi nakaanga gramu 200 tu kwa mara moja, nje barazani, moto wa wastani, na mkono hauachi mwiko hata sekunde. Simu ikiita, iache iite. Buni za kijani zitageuka njano na kutoa harufu ya majani makavu, halafu harufu ya mkate, kisha zitaanza kuwa za kahawia na makapi yake membamba yataruka. Hapo tega sikio. Zitaanza kulia kama bisi: pa, pa, papapa. Huo ndio mlio wa kwanza, punje zinapasuka kwa mvuke uliobanwa ndani. Ukiendelea, zitanyamaza kidogo, kisha utasikia mlio wa pili, mdogo na wa harakaharaka, kama vijiti vikavu vinavyoshika moto. Kikaango changu hufika mlio wa kwanza baada ya dakika 10 hivi. Chako kitakuwa na saa yake.

Nilichojifunza kwa hasara ni kwamba buni za aina mbili hazikaangwi pamoja. Nilijaribu ili kuokoa muda. Robusta ya kwetu inachelewa kulia, tena mlio wake ni wa chinichini, kwa hiyo ukisubiri yenyewe iive, arabika imeshapita. Siku hizi nakaanga kila moja peke yake. Arabika naiepua dakika moja au mbili baada ya mlio wa kwanza kwisha, ikiwa kahawia iliyokolea na bado kavu, haijatoa mafuta. Robusta naipeleka mbele zaidi, mpaka nisikie mlio wa pili unaanza tu, kwa sababu ikikaangwa kidogo inabaki na ladha ya gunia lililolowa.

Na ukiepua, epua kweli. Punje zikibaki kwenye kikaango zinaendelea kuiva kwa joto lake lenyewe, na hapo ndipo wengi huunguza wakidhani wamemaliza. Mimi naweka nyungo mbili tayari: namwaga kwenye mmoja, napepeta, nahamishia kwenye wa pili, makapi yanaondoka na upepo. Zikipoa kiasi cha kushikika mkononi, ndipo napumua.

Usiziweke kwenye chupa zikiwa na joto. Nilifanya hivyo mara moja, chupa ikatoa jasho ndani na kahawa ikavia. Hata zikipoa kabisa, kahawa iliyokaangwa inaendelea kutoa hewa kwa siku kadhaa, kwa hiyo siku ya kwanza kifuniko nakiegesha tu. Mimi nainywa kuanzia siku ya tatu. Siku ya kukaanga inanukia vizuri kuliko inavyonyweka.

Kuhusu kuchanganya, usikimbilie kuchanganya punje. Tengeneza kikombe kimoja cha arabika tupu na kimoja cha robusta tupu, kisha chukua kijiko na kikombe cha tatu. Vijiko saba vya hiki, vitatu vya kile, onja. Sita kwa vinne, onja. Kwa robo saa utakuwa umejaribu michanganyiko mitano bila kupoteza hata punje. Mimi nilianza na nusu kwa nusu nikijua Muleba haitaniangusha, lakini robusta ilimeza kila kitu, harufu ya arabika ya Moshi sikuiona. Nimetulia kwenye saba kwa tatu: arabika gramu 70, robusta gramu 30, zikiwa zimeshakaangwa.

Nasema gramu, sisemi vijiko, na sababu yake ni hii. Buni zikikaangwa hupoteza maji na kuvimba. Gramu zangu 200 hutoka kama 170, na kadiri zinavyozidi kuwa nyeusi ndivyo zinavyozidi kuwa nyepesi na kujaa chombo. Kijiko cha kahawa iliyoungua kina kahawa kidogo kuliko kijiko cha iliyoiva vizuri. Kumbe nilipokuwa nikiunguza ili iwe kali, nilikuwa naipunguza! Mizani ndogo ya jikoni itakusaidia kuliko mashine yoyote ya bei.

Saga unapotaka kunywa. Kinu ni sawa, ila kiwe cha kahawa peke yake. Cha vitunguu saumu hakisameheki. Kwa lita moja ya maji naweka gramu 70, wageni wa kawaida 60. Maji yakichemka naepua, naweka kahawa, naacha dakika nne itulie, kisha namimina bila kutikisa. Tangawizi naipenda, lakini sikuhizi naiweka kikombe cha pili, kwa sababu tangawizi inaficha makosa na mimi nataka kuyaona.

Mwezi uliopita nilimpelekea chupa mzee anayetuuzia kahawa kijiweni. Alionja polepole, akala kipande cha kashata, akaonja tena.

"Nzuri, mwanangu," akasema. "Lakini wateja wangu watasema umewaletea chai."

Yake nimeipandisha robusta hadi nusu, na nikaisogeza mbele kidogo kwenye mlio wa pili. Ile ya nyumbani sijaigusa.