Nyota aliyekosa taji akiwa mchezaji

Mhariri, wiki hii mmeuliza: je, mchezaji nyota huweza kuwa kocha bora? Kwa kawaida ningejibu hapana. Ujanani timu yetu ya mtaa ilinolewa na jamaa aliyewahi kuwa hatari uwanjani. Kila tukikosea alitunyang'anya mpira, akafunga mwenyewe, kisha akasema, "Si mmeona?" Kuona tuliona, kujifunza hatukujifunza kitu.

Ila Dawn Staley, kocha wa mpira wa kikapu wa wanawake huko Marekani, ananifunga mdomo. Binti wa Philadelphia, kimo mita 1.68 tu, alikuwa pointi gadi wa Chuo Kikuu cha Virginia. Pointi gadi ndiye anayeshika mpira wenzake wakijipanga: lazima ajue nani amechoka, nani mkono umemkubali leo, nani apewe pasi sasa hivi. Huo ni ukocha, basi tu unafanywa huku mtu anakimbia. Mara tatu aliifikisha Virginia nusu fainali ya taifa, mara tatu akarudi mikono mitupu. Fainali ya 1991 walifungwa na Tennessee 70-67 katika dakika za nyongeza. Akachaguliwa yeye mchezaji bora wa mashindano, kombe likaenda kwa wenzake. Mwaka 1992 Stanford wakawatoa kwa pointi moja.

Dhahabu za Olimpiki alizipata tatu, hizo tuziache. Mwaka 2000 Chuo Kikuu cha Temple kikampa timu ilhali bado anacheza WNBA, ligi ya kulipwa ya wanawake ya Marekani: baridi anafundisha, kiangazi anavaa jezi. Nadhani hapo ndipo alipoepuka ugonjwa wa kocha wetu. Hakuwa na haja ya kujionyesha mazoezini mbele ya wasichana wake. Pa kujionyesha alikuwa napo.

Chuo Kikuu cha South Carolina alifika 2008, na msimu wa kwanza alishinda mechi 10, akapoteza 18. Taji lililomkimbia chuoni alilipata 2017, tena 2022, tena 2024 kwa mechi 38 bila kufungwa hata moja, wakati kikosi chake chote cha kwanza cha msimu uliotangulia kilikuwa kimeondoka.

Kule bingwa hukata wavu wa kikapu. Carolyn Peck, kocha wa Chuo Kikuu cha Purdue walipotwaa taji hilo 1999, alikuwa amempa Staley kipande cha wavu wake akitunze mpaka apate wa kwake. Alipoupata, naye akaukata vipande akawagawia makocha wanawake weusi wenzake. Yule wetu angeutundika sebuleni.