Jibu: Miwani ya polaraizi ya kuendeshea boti, bajeti elfu hamsini

Mkuu, umeuliza kama kwa elfu hamsini utapata miwani ya polaraizi ya kufaa kwenye boti yako ya faiba, Kunduchi kwenda Mbudya na kurudi, au ukope kidogo ununue ya jina kubwa. Usikope. Mimi napeleka wageni njia hizohizo, Mbudya, Bongoyo, na mara mojamoja kuzunguka Fungu Yasini, na miwani yangu yote nimenunua chini ya bei hiyo. Kinachotakiwa ni kujua unanunua nini.

Angalia pwani yetu ilivyokaa. Asubuhi unatoka ukielekea mashariki, jua usoni. Alasiri unarudi magharibi, jua limeshahamia huko, usoni tena. Na kinachochosha macho zaidi ni ule mng'ao unaodunda juu ya maji. Mwanga ukigonga maji kwa mshazari, unaorudi huwa unatikisika zaidi kwa mlalo. Lenzi ya polaraizi ina utando unaozuia huo wa mlalo. Miwani nyeusi ya kawaida inafifisha kila kitu kwa pamoja, mng'ao na mwamba. Ya polaraizi inaondoa mng'ao, mwamba unabaki. Inafanya kazi vizuri kabisa jua likiwa kama digrii 37 juu ya upeo, yaani kwa hapa Dar karibu saa tatu asubuhi na saa kumi alasiri. Hizo si ndizo saa za wageni? Jua likikaribia kuzama nguvu inapungua, kwa hiyo kofia yenye ukingo usiiache.

Kupima ni rahisi, na usione aibu kupima mbele ya muuzaji. Mwombe kalkuleta yake. Vaa miwani, tazama namba, kisha izungushe kalkuleta taratibu mpaka robo mzunguko. Namba au kioo kizima kikiingia giza, ni polaraizi. Kisipobadilika kabisa, rudisha, hata kama stika imebandikwa. Simu nyingine zinadanganya, zinabadilika rangi tu, ndiyo maana napenda kalkuleta. Kama anazo miwani mbili za aina hiyo, shika moja mbele ya nyingine na ugeuze moja: lazima giza liingie.

Sasa, polaraizi na kinga ya UV, ile mionzi ya jua inayoumiza macho, ni vitu viwili tofauti. Kuna lenzi inayokata mng'ao vizuri huku mionzi inapita. Tena lenzi nyeusi isiyo na kinga ni mbaya kuliko kukaa bila miwani, maana mboni inapanuka gizani na kupokea zaidi. Mnawaona wazee wa bandarini wenye kinyama kilichoota kwenye weupe wa jicho. Jua la miaka mingi linachangia sana hilo. Tafuta maandishi UV400, halafu, kwa kuwa maandishi yeyote anaweza kuchapa, ipeleke kwenye duka la miwani lenye kipimo. Ni kazi ya dakika moja.

Rangi: chukua kahawia. Kwenye maji mafupi kama yetu inatenganisha mchanga, majani na mwamba kuliko rangi nyingine, na wakati wa bamvua maji yakiwa yamekupwa hiyo ndiyo kazi yenyewe. Kijivu ni kizuri kwa wanaokwenda maji makuu. Njano waachie wanaotoka alfajiri. Ndani ya mkono wa fremu utakuta namba ya daraja la giza. Daraja 3 linatosha, linapitisha asilimia 8 hadi 18 ya mwanga. Daraja 4 ni giza mno, na hairuhusiwi kuendeshea chombo cha barabarani, kwa hiyo ukiivaa hiyo baharini usipande nayo pikipiki kurudi nyumbani.

Umbo mimi nalipa uzito kuliko watu wengi. Miwani bapa ya mtindo inaingiza mwanga pembeni na upepo wa kusi unakutoa machozi. Chukua iliyopinda kufuata uso, fremu ya plastiki nyepesi, bawaba zisiwe za chuma cha kushika kutu. Weka na kamba ya shingoni yenye boya. Nimeona nyingi zikienda chini mtu akiinama kuvuta nanga.

Ukitumia GPS, jaribu miwani kwenye skrini yako mwenyewe kabla hujakubali. Baadhi ya skrini zinazima kabisa ukizitazama na polaraizi kwa pembe fulani, na hutaki kugundua hilo ukiwa mlangoni mwa mwamba.

Hizi za bei nafuu adui yake ni joto na chumvi, kwa sababu utando umegundishwa katikati ya matabaka. Usiiache juu ya kiti juani. Suuza na maji baridi yasiyo na chumvi kabla ya kufuta, la sivyo chumvi ikikauka inakwaruza. Ukiona mapovu au rangi za upinde pembeni mwa lenzi, muda wake umekwisha.

Hujasema kama unavaa miwani ya macho. Kama unavaa, tafuta ile ya polaraizi inayovaliwa juu ya miwani nyingine, inafunika mpaka pembeni. Ya kubana kwa klipu sikushauri, boti ikianza kuruka mawimbi inachomoka.